Uzi: Robo si zamu. Mraba wa Punnett, njegere za Mendel na selimundu huku kwetu ziwani

Mwalimu_Ziwani (Kisumu)

Ndugu wasomaji, wanafunzi kwa wazazi, naomba nafasi ya kueleza jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu juma lililopita. Baada ya kipindi cha baiolojia cha alasiri, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alibaki nyuma, akanifungulia daftari lake. Alikuwa amechora mraba wa Punnett, ule mchoro wa kuonyesha urithi ambao watoto wanaweza kupata kwa wazazi wao, wenye vyumba vinne kama nilivyowafundisha, AS juu na AS ubavuni (herufi hizi nitazieleza hapa chini), lakini ndani ya vyumba hakuishia kuandika AA, AS, AS na SS. Aliandika pia majina ya watoto wa nyumba yao, kila mtoto na chumba chake. Wao ni wanne, na wa pili ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo: "Mwalimu, robo yetu imeshatoka, si ndiyo? Mama akipata mtoto mwingine, huyo hatakuwa na ugonjwa." Ninalisimulia hapa kwa idhini yake.

Sikuweza kumlaumu, kwa sababu mchoro wenyewe unamvuta mtu afikiri hivyo. Vyumba ni vinne na watoto ni wanne. Chumba kimoja ni cha mgonjwa na mgonjwa ni mmoja. Nimewasikia watu wazima, wenye kazi zao na shahada zao, wakilisema jambo hilohilo matangani na kwenye mabenchi ya kumngojea daktari: kwamba wazazi wa namna hii hupata mgonjwa mmoja katika kila watoto wanne, na akishapatikana, zamu imekwisha. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa urefu na kwa Kiswahili. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza na mtihani wa KCSE uko kwa Kiingereza, lakini swali hili huulizwa nyumbani, na nyumbani hakuna anayeliuliza kwa lugha ya mtihani.

Tuanze na mwili wenyewe. Karibu kila seli ya binadamu yenye kiini ina kromosomu 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi kromosomu moja ilitoka kwa baba na nyingine kwa mama. Katika kromosomu ya 11 kuna jeni inayoelekeza utengenezaji wa sehemu moja ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Kwa kuwa kromosomu ya 11 tunazo mbili, jeni hiyo nayo tunayo mara mbili. Sura mbalimbali za jeni moja huitwa aleli. Aleli ya kawaida tunaiandika A, na ile ya selimundu tunaiandika S. Mwenye AA hana aleli ya S ya kumpa mtoto. Mwenye AS ni mbebaji, ambaye kwa kawaida ana afya yake na anaweza kuzeeka bila kujua anachobeba. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Mbegu ya kiume na yai hutokana na mgawanyiko wa seli uitwao mayosisi, ambao huzitenganisha kromosomu za kila jozi, ili kila mbegu ibebe kromosomu 23 tu, na yai vilevile. Mzazi mwenye AS hawezi kumpa mtoto aleli zote mbili. Atampa A au atampa S, na hakuna anayechagua.

Siku iliyofuata nilikuja darasani na mikebe miwili mitupu ya mafuta ya kupikia. Katika kila mkebe nilitia haragwe moja jeupe na moja jekundu: jeupe ni A, jekundu ni S, mkebe mmoja ni baba na wa pili ni mama. Nilimwita yule msichana, akafumba macho, akatoa haragwe moja kutoka kila mkebe. Huyo akawa mtoto wa kwanza. Kabla ya kumtafuta mtoto wa pili, nilimwambia ayarudishe maharagwe yote mawili, kila moja katika mkebe wake, kisha aitikise mikebe. Hapo alisimama, haragwe jekundu likiwa bado kiganjani, akalitazama kwa muda. "Yanarudi?" akauliza.

Yanarudi, na hapo ndipo penye kiini cha somo zima. Kosa lake, ambalo ni kosa la wengi, lilikuwa kudhani kwamba haragwe likishatolewa halirudi mkebeni, kwa hiyo jekundu likitoka mapema wadogo zake watakuta meupe matupu. Baba aliyekwisha kumpa mtoto mmoja aleli ya S hajaipunguza mwilini mwake hata kidogo; mbegu zake za kesho zitakuwa nusu A na nusu S kama zilivyokuwa jana, na kila yai la mama lina nafasi hiyohiyo. Vyumba vinne vya mraba ni njia nne ambazo aleli zinaweza kukutana katika mimba moja, na mimba inayofuata huanza na mraba wake mwenyewe, mzima, ukiwa na vyumba vyote vinne.

Mkitaka kuiona kwa hesabu, chukueni wazazi wawili wenye AS na watoto wanne. Uwezekano wa mtoto mmoja kutougua ni robo tatu, kwa hiyo uwezekano wa wote wanne kutougua ni robo tatu ikizidishwa kwa nafsi yake mara nne, yaani 81 kati ya 256, ambayo ni karibu asilimia 32. Uwezekano wa kupata mgonjwa mmoja kamili ni 108 kati ya 256, karibu asilimia 42. Uwezekano wa wagonjwa wawili au zaidi ni 67 kati ya 256, karibu asilimia 26. Tazameni hapo: ile familia ya "mmoja kati ya wanne" ambayo watu huichukulia kuwa ndiyo kanuni, hutokea chini ya nusu ya mara zote.

Kidato3_Nakuru

Hujambo, mwalimu. Mimi ninasoma kidato cha tatu hapa Nakuru, na nimeisoma kazi yako mara mbili. Swali langu ni hili: kitabu chetu kinasema kwamba Mendel alipata uwiano wa 3:1 katika njegere zake. Ikiwa kila mbegu ni bahati yake, na bahati haikumbuki yaliyopita, kwa nini njegere zake zilitii kanuni na nyumba za watu hazitii?

Mwalimu_Ziwani (Kisumu)

Sijambo, mwanangu, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu Mendel mwenyewe alilikuta na akaliandika jibu lake.

Gregor Mendel alikuwa mtawa katika mji wa Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Aliyasoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa mji huo mwaka 1865, yakachapishwa mwaka 1866, na karibu hakuna aliyeyatilia maanani hadi mwaka 1900, yeye akiwa amekwisha kufariki tangu 1884. Alichunguza sifa saba za njegere, yaani minji hii tunayonunua sokoni. Alipochanganya mmea wa mbegu laini na mmea wa mbegu zilizokunjamana, uzao wa kwanza wote ulikuwa na mbegu laini. Alipouacha uzao huo ujichavushe wenyewe, mikunjo ilirudi. Kutoka kwa mimea 253 alipata mbegu 7,324, na kati ya hizo 5,474 zilikuwa laini na 1,850 zilikuwa zimekunjamana. Gawanya, utapata 2.96 kwa 1. Hiyo ndiyo 3:1 ya kitabu chenu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo vitabu vingi vya shule huiruka, nami huumia vinapoiruka. Mendel hakuishia kwenye jumla. Alitazama pia mmea mmoja mmoja, akaeleza kwamba mmoja ulitoa mbegu laini 43 na zilizokunjamana 2 tu, na mwingine ulitoa laini 14 na zilizokunjamana 15. Katika jaribio la rangi, mmea mmoja ulikuwa na mbegu za manjano 32 na ya kijani moja tu, huku mwingine ukiwa na za manjano 20 na za kijani 19. Yote hiyo ilikuwa mimea ya uzao mmoja, yenye aleli zilezile, katika bustani moja. Angeutazama ule mmea wa 14 na 15 peke yake, angesema uwiano ni nusu kwa nusu. Angeutazama ule wa 32 na 1, angesema kijani kinaelekea kwisha. Uwiano wa 3:1 ulionekana alipokusanya maelfu.

Kwa hiyo njegere zake hazikutii zaidi ya watu. Nyumba ya watoto wanne ni kama ganda moja la njegere zenye punje nne. Ukilibandua ganda moja huwezi kudai kwamba lina deni la punje moja iliyokunjamana, na ukikuta mbili huwezi kusema limekosea. Ukitaka kuiona robo, inakubidi uziweke pamoja nyumba mia nyingi za wazazi wenye AS. Na hata wakati huo, robo hiyo haitakwambia lolote kuhusu mtoto atakayezaliwa Jumanne katika nyumba fulani, isipokuwa kwamba nafasi yake ni robo.

Mama_wa_Kondele

Hamjambo nyote. Mimi si mwanafunzi, lakini uzi huu nimetumiwa na mpwa wangu, na nimeona nami niulize. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, na hadi miezi saba hatukuona tatizo lolote. Kisha vidole vyake vya mikono vikavimba, vikawa kama ndizi ndogo zile tamu, na ukivigusa tu analia. Alipopimwa, tukaambiwa ni SS. Upande wa baba yake walisema damu hiyo imetoka kwetu, kwa kuwa kwao hakuna aliyewahi kuugua, na mhudumu mmoja wa afya alinipima mimi peke yangu, akanitangazia mbele ya mama mkwe kwamba ninayebeba ni mimi. Nimeishi na neno hilo kwa miaka sita. Mwalimu, je, ni kweli? Na kama ugonjwa ni wa kuzaliwa nao, ulikuwa wapi miezi yote ile saba?

Mwalimu_Ziwani (Kisumu)

Mama, pole sana, na asante kwa kuuliza. Neno uliloambiwa lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyokuumiza.

Mtoto mwenye SS amepokea S mbili. Haiwezekani zote mbili zimetoka kwako, kwa sababu katika yai lako mlikuwa na kromosomu moja tu ya 11, yenye aleli moja tu. S ya pili ililetwa na mbegu ya baba. Wewe ulipopimwa peke yako, cheti kilisema kweli kuhusu damu yako. Hakikusema chochote kumhusu ambaye hakupimwa. Wote wawili mlimpa mtoto sawasawa, moja kwa moja, bila mmoja wenu kujua wala kutaka.

Kuhusu hoja kwamba kwao hakuna aliyewahi kuugua, naomba wakwe zako waelezwe hivi, na kama kuna mzee anayesikilizwa, ni vizuri aeleze yeye. Babu mwenye AS akioa mke mwenye AA, watoto wao wote watakuwa wazima: baadhi AA na baadhi AS. Mmoja wa wale wenye AS naye akioa mwenye AA, hadithi ni ileile. Aleli ya S inaweza kupita kutoka kwa babu hadi kitukuu kama maji yanayopita chini ya ardhi, na hakuna kaburi wala kitanda cha hospitali kitakachoonyesha njia yake. Huonekana siku ile tu mbebaji anapokutana na mbebaji. Ukoo usio na mgonjwa hauwezi kujitangaza kuwa hauna wabebaji.

Na miezi ile saba ina maelezo yake. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo imeundwa kwa jeni tofauti na ile yenye hitilafu, kwa hiyo S haina pa kujionyeshea. Baada ya kuzaliwa, himoglobini hiyo ya tumboni hupungua polepole na ile ya utu uzima huchukua nafasi yake, na ndiyo maana dalili huanza kuonekana mtoto akikaribia nusu mwaka au baada ya hapo. Kuvimba kwa vidole vya mikono na vya miguu ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa, kwa kuwa chembe zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo ya damu iendayo kwenye mifupa. Ugonjwa ulikuwepo tangu mimba. Kilichobadilika ni himoglobini iliyokuwa ikiufunika.

Fundi_Maabara (Kakamega)

Naomba kuongeza neno upande wa vipimo, maana hapa watu hupotea sana. Kuna kipimo cha haraka ambapo tone la damu huchanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, kisha tunatazama kwenye hadubini kama chembe zinapinda. Kipimo hicho kinasema kama kuna S katika damu. Hakisemi kama mtu ni AS au SS, kwa kuwa chembe za mbebaji nazo hupinda zikinyimwa oksijeni kabisa. Nimepokea watu waliobeba karatasi iliyoandikwa "chanya" na kuamini kwamba wao ni wagonjwa, ilhali ni wabebaji tu.

Kipimo kinachotenganisha ni elektroforesi ya himoglobini. Tunaweka himoglobini juu ya utando na kupitisha umeme. Himoglobini A hutembea haraka zaidi kuelekea upande chanya, na S hubaki nyuma yake. Mwenye AA anatoa mstari mmoja mbele, mwenye SS mstari mmoja nyuma, na mwenye AS anatoa mistari yote miwili. Mara ya kwanza nilipouona utando wa mbebaji, ile mistari miwili imelala sambamba, nilielewa urithi kuliko nilivyouelewa kwa miaka yote ya shule: huu kutoka kwa mzazi mmoja, na ule kutoka kwa mwingine. Linus Pauling na wenzake nchini Marekani ndio waliotumia njia hii mwaka 1949 kuonyesha kwamba kiini cha ugonjwa kiko katika molekuli yenyewe ya himoglobini.

Kidato3_Nakuru

Hapo sasa nimechanganyikiwa. Mwalimu wetu alisema A ni tawala na S ni fiche. Kama S ni fiche, kwa nini mbebaji anatoa mistari miwili? Aleli iliyofichika ingepaswa kutoonekana.

Mwalimu_Ziwani (Kisumu)

Mwalimu wako hakukosea, na fundi wa maabara hakukosea. Jibu linategemea mahali uliposimama unapotazama. Ukitazama ugonjwa, mbebaji si mgonjwa, na A moja inatosha kumlinda. Kwa maana hiyo S ni fiche. Ukitazama protini, aleli zote mbili zinafanya kazi, kila moja ikitoa himoglobini yake, na hakuna inayoifunika nyingine. Kwa maana hiyo zina utawala wa pamoja, kama zilivyo aleli za kundi la damu la AB. Neno "tawala" huwapotosha wanafunzi wangu kila mwaka, kwa sababu hulisikia kama neno la nguvu, wakadhani aleli tawala huishinda nyingine na kuizima, au kwamba itaenea hadi ile fiche imalizike. Aleli fiche haijazimwa wala haijadhoofika. Ikiwa ndani ya yai au mbegu, ni kamili kama ilivyokuwa kwa babu.

Tofauti yenyewe kati ya A na S ni ndogo kiasi cha kutisha. Mnyororo wa beta, ile sehemu ya himoglobini inayoelekezwa na jeni yetu, ni asidi amino 146, yaani vijenzi vya protini, zilizofuatana kama shanga. Katika S, shanga ya sita, ambayo ni asidi ya glutamiki, imebadilishwa kuwa valini. Vernon Ingram ndiye aliyeligundua hilo huko Cambridge, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Katika DNA, kodoni (kundi la herufi tatu linalotaja asidi amino moja) GAG imekuwa GTG: herufi moja tu. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na valini haina chaji, na hiyo ndiyo sababu mstari wa S hubaki nyuma kwenye utando wa fundi wetu. Valini hiyo huchukia maji, kwa hiyo oksijeni ikipungua, molekuli za S hung'ang'aniana na kujipanga katika nyuzi ndefu ngumu, ambazo huivuta chembe nzima ikapinda. Katika mtihani, soma swali linauliza nini: likiuliza ugonjwa, andika fiche, likiuliza himoglobini iliyomo katika damu, andika utawala wa pamoja, na utoe sababu.

Mkulima_Kitale

Mimi ni mkulima, na huku shambani mbegu dhaifu huisha yenyewe. Ikiwa zamani watoto wengi wenye SS walikufa kabla ya kuzaa, kwa nini aleli hii haijaisha? Na kwa nini nasikia habari zake zaidi kutoka ziwani kuliko huku kwetu juu?

Mwalimu_Ziwani (Kisumu)

Maswali yako mawili yana jibu moja, na jibu hilo lilipatikana katika nchi yetu. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya na kusomea Oxford, alikuja mwaka 1949 akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba wabebaji walikuwa wengi, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano katika baadhi ya jamii, karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria. Katika nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia moja. Akajiuliza ni kitu gani kilichopo pwani na ziwani ambacho milimani hakipo. Kilikuwa malaria.

Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa, na ambalo mimi kama mtu wa huku siwezi kulitaja bila kuwakumbuka walioubeba mzigo wake: wanaume 30 Waluo, 15 wenye AS na 15 wasio na S, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Vimelea vilionekana kwa 14 kati ya wale 15 wasio na S, lakini kwa 2 tu kati ya wale 15 wenye AS. Tafiti nyingi za baadaye kwa watoto zimethibitisha kwamba mbebaji huweza kuambukizwa, ila amekingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, ile inayoua. Chembe yake iliyoingiwa na kimelea huelekea kupinda na kuondolewa na wengu kabla kimelea hakijamaliza kuzaliana.

Kwa hiyo, ziwani, mtoto wa AA alikabiliwa na malaria, mtoto wa SS alikabiliwa na selimundu, na mtoto wa AS ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikia umri wa kuzaa na kuirithisha S kwa nusu ya watoto wake. Kisumu iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari; Kitale na Nakuru ziko juu zaidi, kwenye baridi ambako mbu wa malaria hawakustawi, na huko kubeba S hakukuwa na faida iliyolipia hasara yake. Usilisome hilo kama sifa ya kabila hili au lile. Aleli haijui kabila. Ilifuata mbu, kisha ikafuata watu walikohamia, na leo mbebaji anaweza kuzaliwa Nakuru kama anavyoweza kuzaliwa Kondele.

Nyar_Ahero

Swali fupi: je, mapacha hushiriki nafasi moja?

Mwalimu_Ziwani (Kisumu)

Inategemea. Mapacha, Apiyo na Adongo kama tunavyowaita huku, waliotokana na yai moja lililogawanyika wana aleli zilezile, kwa hiyo mmoja akiwa SS na mwenzake ni SS. Waliotokana na mayai mawili ni kama dada wawili wa kawaida waliozaliwa siku moja: kila mmoja na mikebe yake.

Mdogo_wa_Mgonjwa

Mwalimu, mimi ndiye yule mwenye daftari. Nimeusoma uzi wote na mama yangu. Sasa nimejiuliza kuhusu mimi mwenyewe, kwa kuwa mimi si mgonjwa. Katika mraba, AS ziko mbili kati ya vyumba vinne, kwa hiyo nafasi yangu ya kuwa mbebaji ni nusu. Nimepata?

Mwalimu_Ziwani (Kisumu)

Umekaribia, mwanangu, lakini kuna jambo unalolijua ambalo hujalitumia. Unajua wewe si SS, maana una umri wa miaka kumi na saba na hujawahi kuugua. Chumba hicho kifute. Vimebaki vitatu, AA kimoja na AS viwili. Kwa hiyo nafasi yako ni theluthi mbili.

Kidato3_Nakuru

Ikiwa hivyo, naomba niendelee, mwalimu unisahihishe. Ndugu asiye mgonjwa, ambaye hajapimwa, akioana na mtu anayejulikana kuwa AS, nafasi ya mtoto wao wa kwanza kuwa SS ni theluthi mbili mara robo, yaani moja ya sita. Na wakimpata mtoto huyo akiwa SS?

Mwalimu_Ziwani (Kisumu)

Moja ya sita ni sahihi kabisa. Na wakimpata akiwa SS, basi ile theluthi mbili imekwisha kazi, kwa sababu sasa inajulikana wazi kwamba yule ndugu ni AS. Kwa mtoto wa pili mtahesabu robo. Haragwe la mkebe halikubadilika hapo. Kilichoongezeka ni tulichokijua kuhusu mkebe. Ndiyo maana kipimo kina thamani kuliko hesabu yangu yote: yeye akipimwa leo, theluthi mbili inatoweka, inabaki AA au AS.

Mdogo_wa_Mgonjwa

Mama amesema Jumamosi tutakwenda sote, sisi watatu tusio wagonjwa, na baba pia amekubali kupimwa. Nitaomba ile elektroforesi kwa jina lake, ili nisirudi na karatasi iliyoandikwa "chanya" tu.